Nacheza bibi kwenye vichekesho, nyumbani wanasema najizeesha. Kuna mwanamke aliyefika mbali kwa uhusika huu?

Binti Mwisho wa Reli (Kigoma):
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Nina miaka 24, niko Kigoma mjini, nafanya vichekesho kwenye sendofu na kicheni pati, mara mojamoja harusini. Mimi nacheza bibi. Navaa kanga mbili za marehemu bibi yangu, moja ina kitobo cha moto wa jiko hapa ubavuni na sijawahi kukishona, napaka unga nyweleni, jino la mbele nalipaka masizi, naingia nimeinama na mkongojo naulizia bwana harusi yuko wapi maana mume ni wangu huyo nimemlea mwenyewe. Watu wanacheka mpaka machozi.

Sasa juzi baba mdogo kaniita, kasema msichana anayejifanya kizee mbele za watu anajifungia riziki, nani atapeleka posa kwa mtu aliyezoea kumuona kibogoyo. Imeniuma kwa sababu namheshimu na ndiye aliyenisomesha. Halafu kazi mbili za mwisho nimelipwa sahani ya pilau na soda. Kuna klipu nimeiona ya mama mmoja mweusi wa Marekani, hana meno, kavaa gauni la nyumbani na kofia, ukumbi mzima hoi, chini wameandika Moms Mabley na neno vodevili. Anayemjua anisimulie, alianzaje, alilipwa, na huo ubibi ulimbeba au ulimfunga? Naipenda sana hii kazi jamani.

Wa Isevya (Tabora):
Dada huyo mama nimemfuatilia miaka mingi, ngoja nikupe. Jina lake la kuzaliwa ni Loretta Aiken, kazaliwa miaka ya 1890 mji wa Brevard, North Carolina. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na pia zimamoto wa kujitolea, akafia kwenye kazi hiyo ya kuzima moto 1909. Yeye mwenyewe alifanyiwa ukatili akiwa mtoto kabisa, akazaa watoto wawili kabla hajakua, na alipofika kama miaka 14 akaondoka kwao akajiunga na wasanii wa kuzunguka. Jina la Mabley kalitoa kwa msanii mwenzie Jack Mabley aliyekuwa mpenzi wake, na hilo la Moms ni kwa vile alikuwa anawalea wasanii wadogo huko nyuma ya jukwaa.

Kumbi nyingi za wazungu zilikuwa zimefungwa kwa mtu mweusi, kwa hiyo wao walikuwa na mzunguko wao wa kumbi ulioitwa TOBA, yaani chama cha wenye kumbi walioajiri wasanii weusi, ulianza 1920, malipo kiduchu, wasafiri wenyewe usiku kwa treni mji hadi mji, wengine wakawa wanatania kwamba kirefu chake ni kuwatesa wasanii weusi. Hebu fikiria unatoka Kigoma unapiga shoo Uvinza, Kaliua, Urambo mpaka hapa kwetu Tabora na mfukoni huna kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mke na mume waliokuwa wachekeshaji wakubwa, Butterbeans na Susie, wakamuona wakamshika mkono, ndipo akaanza kupata kumbi za maana.

Sasa sikiliza hapa maana ndiyo swali lako. Ule ubibi aliuanza akiwa kijana kama wewe, miaka yake ya ishirini hivi! Gauni la maua, soksi zimeshuka, viatu vikubwa, na uzee ulipofika kweli meno yakang'oka akawa anapanda jukwaani bila ya bandia. Akishuka jukwaani alikuwa mtu nadhifu sana, zipo picha zake kavaa suti. Tabia ya yule bibi alisema kaichota kwa bibi yake mwenyewe. Na alichagua bibi kwa akili, mwanamke kijana akisema mambo ya mapenzi au ubaguzi wa rangi angezomewa, lakini bibi nani atamfokea? Aliwaita watazamaji wanangu, akawaambia mwanamume mzee hana cha kumfanyia yeye labda amletee ujumbe kutoka kwa kijana. Si ndiyo utani wetu wa bibi na mjukuu huo, bibi anakuita mume wangu mbele ya mkeo na hakuna anayenuna.

Mwaka 1939 akaingia Apollo, ukumbi maarufu wa wasanii weusi pale Harlem, New York, mwanamke wa kwanza kuchekesha peke yake pale, baadaye akawa analipwa hadi dola 10,000 kwa wiki. 1962 akapanda Carnegie Hall, ukumbi wa heshima kubwa New York. Televisheni ilimjua 1967, ameshapita miaka 70.

Mzee wa Gongoni (Tabora):
Binti marahaba. Hiyo vodevili usiione ngeni, ni onyesho la mchanganyiko, usiku mmoja nyimbo, ngoma, sarakasi, wachekeshaji, kila mtu na dakika zake. Sisi tuliokuwa vijana miaka ya 80 na 90 tuliyaona hayo kwa vikundi vya sanaa vya Muungano na baadaye TOT, inaanza ngoma, inakuja sarakasi, kichekesho, igizo, halafu taarabu ndiyo watu wanatoka kwenda kutunza. Nakumbuka mama mmoja kwenye kichekesho alikuwa anatoa ugoro kwenye pindo la kanga taratiiibu, hajasema neno, anaufungua, ananusa, anafunga tena, sisi huku tumeanguka kwenye viti. Alikuwa na watoto na mume na heshima yake. Mwambie baba mdogo.

Mama Katubuka (Kigoma):
Mdogo wangu usimwambie kwa mdomo, mlete aone. Wanaume wa kwetu wanasikia habari za jukwaani kwa watu wa kijiweni tu. Na la pilau acha kabisa, hicho ni chakula siyo malipo. Nusu upewe kabla hujapaka unga, nusu kabla emsii hajafunga shughuli, na hela ya kutunzwa ni yako isiguswe na mtu. Kubalianeni kwa meseji ili usije kugeukwa. Mimi napika kwenye shughuli, mpambaji analipwa, mpiga picha analipwa, mchekeshaji ndiye anaambiwa kula ushibe, inanikera sana.

Binti Mwisho wa Reli (Kigoma):
Asanteni mno, nimesoma mara tatu. Wa Isevya, aliishiaje?

Wa Isevya (Tabora):
Kazini dada. 1969 aliimba wimbo wa kuwaomboleza Lincoln, Martin Luther King na akina Kennedy, viongozi wa Marekani waliouawa, bila utani hata kidogo, ukaingia 40 bora Marekani. Akaja kuwa nyota wa filamu, katikati ya kurekodi moyo ukamletea shida, akawekewa kifaa cha kusaidia mapigo, akarudi akamaliza, filamu ikatoka 1974. Akafariki 1975. Mwigizaji Whoopi Goldberg ndiye aliyetengeneza filamu ya maisha yake 2013, itafute.

Binti Mwisho wa Reli (Kigoma):
Mrejesho. Jumamosi nilikuwa na sendofu Mwanga, nikaomba nusu mapema, mama mwenye shughuli kasita kidogo akatuma. Baba mdogo nilimpigia akaja, kakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Nilipotoa ile kanga yenye kitobo akaitambua, ni ya mama yake. Nikamfuata na mkongojo nikamwambia wewe mtoto mbona umekonda, mkeo hakupi migebuka? Akacheka kishikaji kwanza, halafu akatoa leso akafuta macho, akanyanyuka akaja kunitunza elfu kumi. Njiani hajaniambia kitu, kasema tu kanga ile nisiishone.