Keshia akishukiwa kupiga hela, asimamishwe kwa mshahara kamili?

MTOA MADA: Wadau, habari za jioni. Kuna duka la vifaa vya ujenzi ambalo huwa nalifungia hesabu kila mwisho wa mwezi. Mwezi uliopita stoo ilipungukiwa mabati na saruji, ilhali vitabu vinaonyesha kila kitu kiko sawa. Bosi akamwita keshia ofisini, akafunga mlango, akamnyang'anya simu na kumpa karatasi aandike kwamba amekula hela. Baada ya masaa matatu akaandika. Siku hiyohiyo akafukuzwa. Sasa kesi iko CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi) na bosi anashangaa: "Si amekiri mwenyewe?"

Kwangu mimi, ile karatasi ndiyo itakayomwangusha bosi. Maelezo ya mtu aliyefungiwa ndani yanabomoka kwa swali moja tu. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri ndiye athibitishe kwamba alimwachisha mtu kazi kwa haki. Kanuni za 2007, tangazo la serikali namba 42, zinamruhusu kumsimamisha mtuhumiwa wakati uchunguzi ukiendelea, ila kwa mshahara kamili. Wengi wanasema huko ni kumlipa mwizi. Mimi naona ni kumweka pembeni ili ushahidi ukusanywe mkono wake usiufikie.

Na ushahidi ulikuwepo! Risiti zilizofutwa kwenye mfumo mteja akishalipa, hati za kutolea mzigo stoo zisizo na mauzo yake, taarifa ya lipa namba. Kinachoniuma zaidi ni kamera. Mashine ya kurekodia ikijaa hufuta picha za zamani na kurekodi mpya juu yake, kwa hiyo wakati watu wanabishania karatasi, picha zikaenda. Siku ya kwanza tu diski ingetolewa, namba yake ikaandikwa, ikafungwa kwenye bahasha, waliokuwepo wakasaini, halafu uchunguzi ukafanywa kwenye nakala. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaangalia hasa taarifa ilivyotengenezwa na ilivyotunzwa. Picha ya skrini iliyozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp utaitetea vipi hapo?

Je, mwenye duka moja anayaweza haya yote? Nawasilisha.

MWENYE DUKA, MWANZA: Mkuu, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kuibiwa. Nina wafanyakazi wanne. Nimlipe keshia alale nyumbani miezi miwili, niajiri mwingine, na mkaguzi naye anataka chake? Kodi ya fremu nitalipa na nini? Mimi nampeleka kituoni, nachukua RB (namba ya taarifa yangu polisi), wenye kazi yao wachunguze.

NILIWAHI KUWA KESHIA: Kaka, hata hao polisi watakuuliza ushahidi uko wapi. Nilipokuwa nafanya kazi tulikuwa makeshia watatu, paswedi moja, tena imeandikwa kwa maki pen pembeni ya kompyuta. Ikitokea shoti, yaani hela zimepungua, tunakatwa wote sawasawa. Mmoja wetu alikuwa anafuta risiti, hadi leo hajulikani ni nani. Mimi nilikatwa laki na nusu.

MWENYE DUKA, MWANZA: Sasa dada, kila mtu nimpe paswedi yake? Wataambiana tu.

NILIWAHI KUWA KESHIA: Waambiane. Lakini akijua jina lake ndilo litakalosomwa kwenye kikao cha nidhamu, hatampa mwenzake kirahisi.

MTOA MADA: Dada, umenifanya nirudi kwenye mfumo usiku huu. Risiti zote zilizofutwa zinaonyesha mtumiaji mmoja: "admin". Nimempigia bosi kumuuliza ni nani anaingia kwa jina hilo. Kanijibu, "Wote. Hata mimi mwenyewe."