Mjadala: Kijana wa miaka sita na pikipiki ya mtumba, tununue au tuache?

Asalaam aleikum ndugu zangu.

Juzi baba mmoja wa Wete, Pemba, aliuliza swali, na majibu aliyopewa yamenikosesha usingizi. Shemegi yake aliyeko Uingereza anashusha kontena, ndani yake mna vipikipiki vitatu vya watoto, vile vya kuchezea kwenye mchanga na udongo, vyote vimeshatumika. Kijana wake ana miaka sita, baiskeli anaiendesha vizuri, na Sikukuu inakaribia. Achague kipi? Nusu ya watu walimwambia anataka kumuua mtoto. Nusu nyengine wakamwambia achukue kile kikubwa kuliko vyote, "atakua nacho".

Hawa wa pili ndio walionifanya niandike. Mimi nasema mtoto anaweza kupewa pikipiki, lakini iwe inayomtosha leo, na kabla haijaletwa nyumbani pawe pameshapatikana mahali pa kuiendeshea. Asiye na mahali asinunue, hata akipewa bure.

Miaka michache nyuma nilimnunulia mtoto wa dada yangu, Chake Chake. Alikuwa na miaka saba. Zilikuwepo mbili, ndogo na kubwa, bei karibu sawa. Nikachukua kubwa kwa hoja hiyo hiyo ya kukua nayo, kama tunavyonunua viatu vya skuli na kuvijaza pamba mbele. Akikaa juu yake alifika chini kwa ncha za vidole, tena mguu mmoja. Ilikuwa msimu wa karafuu, majamvi yametandikwa kando ya njia, na yeye akaja polepole, akataka kusimama asiyakanyage. Mguu ukatafuta ardhi usiipate. Pikipiki ikalala upande na yeye chini yake. Mwendo hakuwa nao kabisa. Mtu anayetembea kwa miguu angempita. Lakini eksozi ilikuwa ya moto, ikamlalia shavu la mguu, na nguvu za kuinua chuma kile hakuwa nazo. Sisi tulikuwa hatua kama kumi. Hatua kumi ni mbali sana mtoto anapolia vile. Leo ana kovu lenye urefu wa kidole changu cha shahada, ngozi yake laini, inang'aa, haioti laika. Dada yangu hajanilaumu hata siku moja.

Kiatu kikikuzidi unakiburura. Pikipiki ikikuzidi inakulalia.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana watu wanabishana umri wakati futi kamba iko ndani ya droo. Mtoto wa miaka sita kwa wastani ana kilo 20 hivi na urefu wa sentimita 115 au zaidi kidogo. Yamaha PW50, ambayo imewafundisha watoto ulimwenguni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kiti chake kiko kama sentimita 48 kutoka chini na uzito wake ni kama kilo 40. Yaani hata hiyo iliyo ndogo ni mara mbili ya mtoto. Honda CRF50F kiti ni kama sentimita 55 na uzito kilo 50. Kawasaki KLX110, ambayo wengine wanaiita ya watoto, kiti ni sentimita 68 na inapita kilo 70. Mwanamme wa miaka sita juu ya KLX110 ni yule mpwa wangu kwenye majamvi.

Mvue mtoto viatu, msimamishe ukutani, mwekee kitabu katikati ya miguu kama anakikalia, upime kutoka juu ya kitabu hadi sakafuni. Kiti kisipite hapo. Nyayo zote mbili zilale chini, visigino vikiwemo. Asipofika, hiyo si yake mwaka huu.

PW50 haina gia za kubadilisha wala klachi, na breki zote mbili ziko mikononi kama za baiskeli, kwa hiyo mtoto aliyezoea baiskeli haanzi upya. Haina cheni, nguvu inakwenda nyuma kwa shafti iliyofunikwa. Na kwenye mkono wa mafuta, ule unaozungushwa kuongeza mwendo, kuna skrubu ya kuzuia: ukiikaza, hata mtoto akivuta mpaka mwisho injini haifunguki yote. Honda hiyo ni ya mipigo minne, ina gia tatu bila klachi, breki ya nyuma iko mguuni, na cheni ipo. Nayo ni pikipiki nzuri, lakini ni hatua moja mbele.

Mtumba una mambo yake. Chombo kilichokaa miezi ndani ya kontena, petroli iliyobaki imeganda kama gundi ndani ya kabureta. Hilo ni la kusafisha tu, lisikutishe. Kinachotakiwa kukutisha ni waya wa mafuta. Injini ikiwa imezimwa, vuta mkono wa mafuta mpaka mwisho, uachie. Urudi wenyewe kwa mlio wa "tap". Ukirudi kwa uvivu, au ukabaki njiani, usiruhusu mtoto apande mpaka waya ubadilishwe. Halafu washa, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Sauti ya injini isipande. Ikipanda, waya umepitishwa vibaya au umekaza, na siku mtoto anakata kona pikipiki itaongeza mwendo yenyewe. Nimeona watu wakikagua rangi na stika saa nzima bila kugusa waya huo.

Ile PW50 uulize pia kama ilifunguliwa. Kiwandani huwekwa kijichuma cha duara kwenye eksozi kinachobana moshi ili isiwe na nguvu nyingi. Wenye nazo wengi hukitoa mtoto akikua. Wewe unayempa anayeanza, kirudishe.

Jambo moja linanikera kila Sikukuu: mtoto kavalishwa kanzu mpya na ndara, anapandishwa juu ya chombo chenye cheni ili apigwe picha. Kanzu ikishika cheni haingoji dua. Avae suruali ngumu, viatu vya kufunga, glavu, na helmeti ya kipimo chake. Si ya mjomba wake, ile inayozunguka kichwani kama chungu. Uchambuzi wa tafiti nyingi za waendesha pikipiki umeonesha helmeti hupunguza vifo kwa kiasi cha asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kwa kichwa cha mtoto, helmeti isiyokaa ni sawa na hakuna.

Na mahali ndipo penye mjadala wenyewe, naomba tuujadili. Barabarani hana ruhusa: mtoto hana leseni, chombo hakina namba wala bima. Njia za mitaani zina watoto wa chuo cha Kurani, kuku, na bibi zetu wanaotoka dukani. Wa Paje na Jambiani watasema pwani, maji yakitoka mchanga ni mgumu kama lami. Ni kweli, lakini pale wanapita kina mama wa mwani na mizigo kichwani, na chumvi inakula spoku na ngoma za breki katika muda mfupi kuliko unavyodhani. Uganda na Kenya wana viwanja na wana mashindano ya watoto ya pikipiki zenye injini ya cc 50. Sisi tuna kiwanja cha mpira kila shehia, na asubuhi ya Jumamosi vingi viko vitupu. Kwa nini masheha, wakuu wa shehia zetu, wasiombwe saa mbili, kwa utaratibu, wazazi wakiwepo? Semeni.

MUUGUZI, UNGUJA: Kaka, wa aleikum salaam. Nakuheshimu kwa kusema ya mpwa wako, lakini umejijibu mwenyewe. Jumuiya ya madaktari wa watoto ya Marekani imeshasema kwa miaka mingi kwamba watoto chini ya miaka 16 wasiendeshe vyombo hivi vya nje ya barabara, vya magurudumu mawili vikiwemo. Hao wana viwanja, wana helmeti za kila kipimo madukani, na bado wanasema hapana. Mtoto wa miaka sita hajui kukadiria mwendo wala umbali. Mimi ninafunga mikono iliyovunjika ya watoto walioanguka kwenye mwembe. Mwembe hauna injini. Unasema hatua kumi ni mbali, halafu unatafuta njia ya wengine kusimama hatua kumi?

FUNDI, MWANAKWEREKWE: Mkubwa, kwenye waya wa mafuta nakuunga mkono kwa mikono miwili. Ongeza fremu: kwangua vumbi pale shingoni, chini ya usukani. Ukiona alama ya kuchomelewa, iache hapo hapo. Shika tairi la mbele juu na chini ulitikise; likicheza, beringi zimekwisha. Lakini kwenye PW50 nakupinga. Spea zake mtu ataagiza nje kila mara. Honda ile ya 50 injini yake ni ya ukoo mmoja na Honda Cub, pikipiki ile ya zamani, na Wachina wameinakili vya kutosha, fundi yeyote wa hapa anaijua. Chombo kisicho na spea kitatengenezwa kwa waya na raba, na hapo ndipo ajali. Na vile vinavyowashwa kwa kuvuta kamba, bei rahisi, cheni nje nje: nimeletewa vingi breki ikiwa imeachia. Sivitaki hata bure.

BABA WA WETE: Ndugu zangu, mimi ndiye niliyeuliza. Nimempima jana usiku kwa kitabu cha hesabu, sentimita 50. Shemegi anasema vilivyomo ni PW50 moja, Honda moja, na kimoja hajui jina. Nyuma ya nyumba nina shamba la mikarafuu, ni mteremko mpaka bondeni. Kiwanja cha mpira kipo, dakika tano kwa miguu. Mama yake hataki. Kijana ameshasikia habari, kila siku ananiuliza meli inafika lini.

MWENYE MADA: Dada muuguzi, sitabishana na wewe juu ya madaktari. Mzazi akisoma maneno yako akaamua hapana, ameamua vizuri na mimi sitamwita mwoga. Hatua kumi zile sikusimama kama mwalimu, nilisimama kama mtu anayetazama ngoma. Anayefundisha anatembea pembeni, mkono uko nyuma ya kiti, na mwendo umekazwa kwa skrubu mpaka mtu mzima anaweza kumfuata kwa kutembea haraka. Asiyeweza kutembea hivyo nusu saa kwenye jua asinunue. Hili sikuliandika mwanzo na ulikuwa na haki ya kunibana.

Fundi, kwenye spea umesema kweli na mimi nilipita haraka. Kwa mtoto mwenye mguu wa sentimita 55 ningekufuata, achukue Honda. Huyu ana 50.

Baba wa Wete, ndugu yangu, kwa kipimo hicho ni PW50 peke yake, na Honda mwambie shemegi amuuzie mwengine. Kile kisicho na jina usikiguse. Kwenye mteremko wa mikarafuu asipande hata mara moja: breki ndogo, udongo mwekundu, na mvua ikinyesha pale hata wewe kwa miguu unateleza. Nenda kwa sheha kabla ya meli, umuombe kiwanja Jumamosi baada ya alfajiri, na mama yake aje akione kiwanja na helmeti kabla hajaiona pikipiki. Akisema hapana baada ya kuona, basi ni hapana, mwache kijana na baiskeli yake mwaka mwengine mmoja. Sheha akikataa vile vile. Ukishaongea nao wote wawili, rudi utuandikie wamesemaje.