Tupeane uzoefu: helmeti, glavu za kujitengenezea na vikinga vingine vya skeitibodi ya mteremkoni

Mwanzisha mada

Ndugu zangu mnaoteremka kwa skeitibodi, habari za wakati huu. Nimefungua mada hii ili kila mmoja wetu aeleze kifaa kimoja cha kujikinga kilichowahi kumwokoa, au kilichomwangusha alipokitegemea, na aseme kilitengenezwaje, kilivaliwaje na kiliharibikaje. Naomba tusiishie kusema "vaeni helmeti", kwa kuwa hilo sote tunalijua. Tuelezane yale ambayo mtu huyajua baada ya kuonja lami.

Naanza mimi. Glavu zangu za kwanza nilizitengeneza mwenyewe. Nilichukua glavu nene za ngozi, zile za mafundi wa kuchomelea, nikakata visahani viwili kutoka kwenye kibao cha plastiki cha kukatia mboga, nikavibandika viganjani kwa velkro yenye gundi yake nyuma. Nyumbani vilishika hata nikashindwa kuvibandua kwa kucha. Siku ya kwanza mteremkoni nilifanya miserereko minane bila tatizo, kila mara nikichuchumaa, nikiweka kiganja chini na kuuzungusha ubao ukae kimshazari mpaka magurudumu yaanze kuserereka na mwendo upungue. Katika mserereko wa tisa, nikiwa katikati ya kona, mkono uling'ang'ania barabara ghafla. Kisahani kilikuwa kimebaki nyuma mita kadhaa, kinazunguka barabarani kama sarafu, nami nimeulalia mkono wenye ngozi tupu. Ngozi ile ilitoboka kabla sijasimama, na jeraha la kiganja lilichukua wiki tatu kufunga.

Nilipokiokota kisahani kilikuwa bado cha moto, na gundi ya velkro imelainika, inavutika kama ulimbo. Hapo nikaelewa kosa langu: niliijaribu gundi ikiwa baridi, ilhali kazi yake yote huifanya ikiwa imepashwa moto na msuguano. Kwetu sisi glavu ni sehemu ya breki, kwa hiyo ikiachia umepoteza kinga na breki kwa wakati mmoja. Swali langu kwenu ni hili: ni vifaa gani tunaweza kujitengenezea kwa usalama, na ni vipi hatupaswi kuvigusa kabisa?

Mchangiaji wa pili

Ndugu mwanzisha mada, pole kwa mkono. Kosa hilo limetupata wengi, na chanzo chake ni plastiki yenyewe. Vibao vingi vya kukatia mboga ni vya polithini nzito, na polithini haishiki vizuri karibu gundi yoyote, hata ukiikwangua kwa msasa. Tena huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi, wakati asetali, plastiki ngumu inayotumiwa kwenye visahani vingi vya kununua, huvumilia hadi nyuzi 165 na zaidi. Sisemi kwamba polithini haifai. Ninaitumia mpaka leo, ila siiamini gundi hata kidogo.

Nimetengeneza glavu kwa miaka sita, zangu na za wenzangu, na njia niliyobaki nayo ni hii. Kisahani kiwe na unene wa milimita 12 au zaidi, nacho nakikata kwa msumeno wa mviringo unaofungwa kwenye drili. Kisha nakaa na msasa, na hapa ndipo muda mwingi unapokwenda, maana ukingo wote lazima ulazwe kwa mshazari na kuviringwa mpaka kidole kikipita kisihisi kona. Ukingo mkali hunasa kwenye ufa wa lami kama jembe kwenye mzizi, na mkono ukinasa, bega ndilo linalolipa. Velkro natumia ile isiyo na gundi, ya mafundi viatu. Upande wa vikulabu naufunga nyuma ya kisahani kwa skrubu nne fupi, zisizozidi milimita 6, nikizamisha vichwa vyake visiume kiganja. Upande wa manyoya naushonea kwenye glavu kwa uzi wa nailoni wa kusafishia meno, ule uliopakwa nta, kwa sababu ni mwembamba, hauozi kwa jasho na ni mgumu kukatika.

Mshono nao una siri yake. Mara ya kwanza nilishona pembezoni kabisa mwa velkro, nje ya kivuli cha kisahani, nikadhani nimeimarisha. Kila nilipoinamisha kiganja, lami ilikuwa inazilamba nyuzi zile, na baada ya siku mbili mshono ulifumuka wote kama pindo la nguo kuukuu. Sasa kila tundu la sindano linakaa ndani ya duara la kisahani, nashona mizunguko miwili, na fundo naliweka ndani ya glavu upande wa mgongo wa mkono, mahali ambapo halitagusa chochote.

Kisahani kikibaki na milimita 8 nakitoa, kwa kuwa skrubu zikifika barabarani zitakwaruza, zitatoa cheche na kuushika mkono. Msisahau vidole pia. Mtu akichoka vidole hulegea na kuburuta chini, kwa hiyo kipande kirefu cha plastiki hiyo hiyo kivukishwe vidole vyote vinne, upande wa kiganja. Halafu kiganja kiguse barabara kwa wepesi. Mserereko huu wa mkono chini unaitwa kwa jina la Cliff Coleman, mteremkaji wa vilima vya Berkeley, California, na anayeuweza vyema uzito wake hubaki miguuni juu ya ubao, mkono ukiwa kama mguu wa tatu wa kigoda. Visahani vya wanafunzi wangu huisha mapema kuliko vyangu kwa sababu wao huuegemea mkono.

Mchangiaji wa tatu

Nitasema machache kuhusu viatu, kwa kuwa ndivyo vinavyosahaulika. Ninayepunguza mwendo kwa kuburuta mguu nilikuwa namaliza soli ya kiatu cha kushoto kwa mwezi mmoja, na siku moja ilitoboka nikiwa kwenye mwendo. Tangu hapo nabandika kipande cha tairi kuukuu juu ya soli kwa gundi ya viatu, nikikishona pia kwenye ncha na kisigino. Kikiisha nabandika kingine. Angalizo langu ni kwamba kipande kisiwe kinene mno, kwa sababu miguu miwili isiyolingana urefu huharibu usawa wako juu ya ubao, na kosa hilo hulitambui mpaka unapoingia kwenye kona.

Mchangiaji wa nne

Mwanzisha mada ameuliza kipi tusikiguse, nami najibu bila kusita kwamba ni helmeti. Glavu ikifeli unapoteza ngozi, na ngozi huota tena.

Miaka minne iliyopita niliteleza kwenye mchanga uliomwagika barabarani, nikaanguka chali, kisogo kikapiga lami. Niliinuka, nikaiangalia helmeti, nikaona mkwaruzo mmoja mdogo nje, nikaendelea kuivaa miezi miwili. Siku moja nilipokuwa natoa sponji za ndani ili nizifue, niliona ufa unaoanzia kisogoni hadi karibu na sikio, mwembamba kama unywele, ndani ya lile povu gumu jeupe linalofanana na la kufungashia televisheni. Nilipobonyeza kwa kidole gumba, sehemu ile ilikuwa imebonyea na kulainika kuliko upande wa pili. Miezi miwili yote hiyo nilikuwa nimevaa ganda tupu. Povu hilo hufanya kazi kwa kusagika: linapobonyea ndipo linapoumeza mshtuko ambao ungekwenda kwenye ubongo, na likishabonyea halirudi. Ukianguka tena mahali pale pale, hakuna kilichobaki cha kusagika.

Ndiyo sababu natazama kibandiko cha ndani, kile kinachotaja kipimo cha usalama ambacho helmeti imefaulu, kabla ya kutazama rangi. Kipimo cha Marekani cha CPSC, ambacho ni cha helmeti za baiskeli na kilianza kulazimishwa mwaka 1999, hutaka helmeti iangushwe kutoka kimo cha mita 2 juu ya chuma bapa, na mshtuko unaopimwa ndani usizidi mara 300 ya mvutano wa dunia. Kile cha Ulaya, EN 1078, kinataja skeitibodi waziwazi na kuweka ukomo wa mara 250, ingawa kimo cha kuangushia ni kifupi zaidi. Kipo pia ASTM F1492, kilichotungwa kwa ajili ya skeitibodi, ambacho hudai helmeti ihimili kugongwa zaidi ya mara moja. Zipo helmeti laini za sponji, nzuri kwa macho, zisizo na kibandiko chochote kati ya hivyo, na mtu akinionyesha mojawapo kabla ya kuteremka humwomba kwa heshima tutembee kwa miguu.

Wapo wanaouliza kipimo cha mita 2 kinasaidia nini kwa mtu anayekwenda kilomita 60 kwa saa. Kinasaidia, kwa sababu mtu akianguka barabarani kichwa hushuka kutoka kimo chake tu, huku mwendo wa mbele ukiishia kwenye kuburuzwa. Nguzo, ukingo wa barabara na gari ni habari nyingine, na hapo hakuna helmeti ninayoweza kuiwekea dhamana.

Mchangiaji wa tano

Mimi siteremki; anayeteremka ni mwanangu wa miaka 14, na nimejifunza mambo haya kwa kumngoja chini ya mlima. Helmeti yake ilikuwa na kibandiko, tena mpya, lakini aliivaa imeegemea nyuma kama kofia ya sikukuu, paji la uso likiwa wazi, na ukanda wa kidevuni ukining'inia. Alipoanguka kifudifudi helmeti ilirudi kisogoni na paji likapiga barabara. Alishonwa nyuzi tano. Daktari aliniambia maneno machache tu, kwamba kofia ilikuwepo ila haikuwa kichwani.

Sasa hatuondoki bila kukagua. Ukingo wa mbele unakaa vidole viwili juu ya nyusi, mikanda inakutana chini kidogo ya sikio, na chini ya kidevu pananipitia kidole kimoja. Kisha namwambia atikise kichwa kwa nguvu kabla sijafunga ukanda. Helmeti ikicheza peke yake bila kuivuta ngozi ya paji, ni kubwa kwake. Mwanzoni aliona aibu mbele ya wenzake. Siku hizi wenzake nao wanakuja kupanga mstari niwakague.

Mwanzisha mada

Mama, nakushukuru kwa mchango huu, na mpe pole kijana. Ndugu wa nne, nimekwenda kufungua sponji za helmeti yangu baada ya kukusoma. Nimekuta iko salama. Naomba anayetumia helmeti ya uso mzima atueleze, kwa sababu nasita kuinunua kwa kuhofia joto na kutosikia magari.

Mchangiaji wa sita

Nilisita kama wewe mpaka nilipoangukia kidevu. Nilikuwa na helmeti ya wazi, nzuri, iliyofungwa sawasawa, na haikuguswa hata kidogo. Kilichoburuzwa ni kidevu, na meno mawili yalivunjika. Sasa yangu inafunika uso, na upande wa kulia wa kidevu chake kuna mkwaruzo mrefu, umechimba ganda kwa kina cha ukucha. Kila ninapoifuta vumbi napitisha kidole pale.

Kuhusu joto, ni kweli unatokwa jasho ukipanda, kwa hiyo panda ukiwa umeivua, uivae juu. Kioo huingia ukungu ukisimama ukapumua. Kiache kimefunguka upana wa kidole mpaka uanze kwenda, upepo utaukausha. Kusikia kunapungua kweli, na mimi sikubali kuteremka barabara yenye magari bila mtu aliyesimama kwenye kona akiashiria kwa mkono. Katika mashindano helmeti ya uso mzima na vazi la ngozi la mwili mzima ni sharti, na aliyeweka rekodi kule Les Éboulements, Kanada, mwaka 2017, Pete Connolly, alipita kwenye kipimo akiwa na mwendo wa kilomita 146.73 kwa saa. Sisi hatufiki huko, lakini kidevu changu kilivunja meno kwenye mwendo usiofika 40.

Mchangiaji wa saba

Naongezea magoti. Vikinga magoti vyangu vya kwanza vilikuwa vya kuvuta tu kama soksi, bila mikanda. Nilipoanguka kwa goti vilishuka hadi kwenye muundi, na goti likaendelea na safari peke yake. Tafuteni vyenye ganda gumu na mikanda miwili, mmoja juu ya goti na mmoja chini, mvivae juu ya suruali ndefu na si ndani yake, kwa sababu kitambaa kikisokotwa kati ya ganda na barabara hulizuia ganda lisiteleze.

Jeraha la kuburuzwa nalo lisiachwe likaukie uchafu. Lile langu nililiosha juu juu kwa kuogopa maumivu, na punje za lami zikabaki chini ya ngozi kama chanjo nyeusi hadi leo. La pili nililiosha kwa maji mengi na sabuni, nikatoa kila punje kwa kitambaa safi, nikalifunika kwa bandeji isiyogandamana na jeraha na kuibadilisha kila siku. Yapo kwenye goti moja, yamepishana vidole vitatu. La juu bado jeusi, la chini hulioni mpaka nikuonyeshe.