Naomba ushauri: mkaa wa mifupa kwa maji ya kisima yenye floraidi

Wadau, kisima kirefu hapa Nakuru, upande wa Rongai, kimepimwa floraidi (madini yanayoharibu meno yakizidi) miligramu 6 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki na kukolea. Tumejaza mkaa wa mifupa ya ng'ombe kwenye ndoo ya lita 20, maji yapite humo na floraidi inaswe. Uliochomwa kidogo ulitoa maji ya manjano yenye harufu. Ulioungua hadi kuwa mweupe haunasi vizuri. Sasa tunatumia wa kijivu kizito.

Je, ubadilishwe baada ya lita ngapi? Na ndama nao watengewe maji ya mvua? Meno yanaharibika yakiwa bado yanaundwa, na hapa kuna watoto wadogo.