Naomba ushauri: kuomba chuo Kanada ukiwa na kidato cha sita cha Tanzania

Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), na ndoto yake ni kusomea uhandisi Kanada. Kinachonitatiza zaidi ni kalenda. Vyuo vingi vya kule hufunga maombi mwanzoni mwa mwaka, vingine Januari, kwa masomo ya Septemba. Mtihani wetu ni Mei, matokeo Julai! Je, aombe sasa kwa cheti cha kidato cha nne na ripoti za shule, au asubiri matokeo na kukaa nyumbani mwaka mzima? Mliotokea NECTA (mitihani ya taifa ya Tanzania), mlikubaliwa kwa masharti?

Ada ndiyo mlima wenyewe. Wazazi hawaiwezi, kwa hiyo tunatazamia ufadhili wa Lester B. Pearson wa Chuo Kikuu cha Toronto. Ule ni lazima shule imteue mwanafunzi, na shuleni kwake hawaufahamu. Nimwendee mkuu wa shule na nyaraka zipi?

Halafu ile barua ya uthibitisho ya jimbo, iliyoanza kudaiwa 2024 kwa kibali cha masomo: huchukua muda gani?

Binti ana uwezo kwelikweli, inaniuma kufikiri anaweza kukwama kwa makaratasi. Mlioko huko, tafadhali nijibuni hata kwa kifupi.