Karti ya hoteli ya Marekani, Visa ya banki ya hapa, ao keshi tu: gani inalipa?

Katuba_Transit
Jambo bote. Benye kuvuka mpaka wa Zambia pa Kasumbalesa kila mara munisaidie hesabu. Kazi yangu ni pyesi za magari, nalala Chingola, Ndola, saa ingine Lusaka, na kama mzigo ni mukubwa nafika mpaka Johannesburg. Mudogo wangu eko Dallas, ananiambia anaweza kufungua kule karti ya hoteli, ile ya Marriott Bonvoy Boundless, fre yake ni dola 95 kila mwaka na kila mwaka banakupa usiku moja wa bure. Anataka nimurudishie ile 95, kisha ule usiku nilale mimi. Upande mwingine banki yangu ya hapa Lubum (Lubumbashi) inanisukuma nipande kwa Visa ya juu, fre yake ni mingi kuliko ile nalipa sasa lakini banasema kuko punguzo ku mahoteli na kuingia salon ya kungojea ndege ku uwanja. Bibi yangu ye anasema acha hizo zote, lipa keshi, bishana bei ku resepsion. Nani ana haki? Nataka hesabu, haiko matangazo ya banki.

Kivu_Texas
Yaya Katuba, mimi niko huku Texas, hizo karti nazitumia, acha nikuambie vile ziko kwa bei za 2025. Boundless ni 95, na za mahoteli mengine, World of Hyatt ni 95 pia, IHG Premier ni 99. Zote tatu zinatoa usiku moja kila mwaka, lakini unakuja kisha mwaka wa kwanza kuisha, haiko siku unafungua konti, mwaka wa kwanza unachopata ni bonasi ya pointi kama umetumia karti vile banaomba. Usiku wa Marriott unaingia fasi yoyote yenye kuomba pointi 35,000 kushuka chini, na unaweza kuongeza juu yake pointi zako mpaka 15,000 kama hoteli inapita hapo. Wa IHG unaishia 40,000, nao unaongezeka na pointi. Hyatt banahesabu kwa makundi ya hoteli, usiku unaingia la 1 mpaka la 4, lakini Hyatt kwa upande wetu wa Afrika ni ya kutafuta na tochi muchana, kwako mutu wa njia ya Ndola sahau kabisa.

Sasa kuko kitu mudogo yako hakukuambia, labda naye hajasoma: ule usiku wa bure ni wa mwenye konti. Masharti ya Marriott yanasema hautolewi kwa mutu mwingine. Chenye kinaweza kutembea ni pointi, Bonvoy, njo klabu ya Marriott, inaruhusu kutuma mpaka pointi 100,000 kwa mwaka ku konti ya mutu mwingine bila kulipa kitu. Kwa hiyo kama munataka kugawana, gawaneni pointi, usiku ye alale mwenyewe siku anakuja nyumbani kupitia Lusaka ao Kigali. Kumurudishia 95 juu ya usiku hautalala, hapana.

Na muulize kitu kimoja mbele ya yote: analipa karti yote kila mwezi ao anaacha deni? Riba ya karti huku inapita asilimia 20 kwa mwaka. Akiacha deni la dola 1,000 mwaka muzima, riba peke yake inakula ule usiku na chakula cha asubuhi juu yake.

MamaKenya_Lubum
Bibi yako ana haki nusu 😄 Mimi niko wa commune Kenya ya hapa Lubum, napokea bageni ba biashara kutoka Kolwezi na Likasi na kubatafutia hoteli, nazijua bei za hapa. Watu banasahau ya kwamba ile klabu ya hoteli yenyewe ni bure, haiombi karti yoyote ya banki. Pullman Grand Karavia hapa iko chini ya Accor, klabu yao inaitwa ALL, unajiandikisha na simu yako unapata namba, basi. Mwanachama mupya ku Pullman anapata pointi 25 kila euro 10, na pointi 2,000 ni euro 40 ya kupunguza ku fakitire. Maana yake ulipe euro 800 njo upate 40, ni asilimia 5. Haiko mingi lakini haujalipa fre hata moja. Tu angalia, ukipita mwaka muzima bila kulala kwao pointi zinakufa.

Marriott pia ni vile, na Protea zote za Zambia ni za Marriott tangu 2014, ya Chingola, ya Ndola, za Lusaka, zote. Jiandikishe Bonvoy bure leo, bei ya mwanachama ku saiti yao inashuka kidogo chini ya ile ya kawaida, na ndugu yako akikutumia pointi zitakuwa na fasi ya kuingia.

Halafu ya hapa Congo, wakikuambia bei ku simu uliza kama TVA, ile kodi ya serikali, iko ndani. Asilimia 16. Nimeona watu banabishana dola 10 wanashangilia, kisha ku kutoka fakitire inapanda kuliko bei ya kwanza.

Ibanda_Sceptique
Mimi wa Bukavu nasema hivi, hizi karti zimetengenezwa na bantu benye kujua ya kwamba utasahau. Shemeji yangu eko Marekani ana Hilton Surpass, fre 150, wanamurudishia 200 kwa mwaka, alituambia kwa furaha kabisa "ninapata faida ya 50". Tukamuliza inarudi namna gani. Ni 50 kila miezi tatu, na ni kwa pesa ulilipa moja kwa moja ku Hilton. Haujalala Hilton kati ya Januari na Machi? Ile 50 imeenda, haikungojei. Ye analala hoteli Desemba tu, kwa krismasi, basi analipa 150 anarudishiwa 50. Hiyo inaitwa faida kwa kabila gani?

Na zile kubwa ni mbaya zaidi: Hilton Aspire ni 550, Bonvoy Brilliant ni 650, na Brilliant inakurudishia 300 ya restora kwa vipande vya 25 kila mwezi. Kila mwezi ukumbuke kula restora na ile karti! Umekuwa mutumishi wa karti yako.

Kivu_Texas
Ibanda hauko mubaya lakini umemupunja Surpass. Inatoa daraja ya Gold ya klabu ya Hilton, na Gold nje ya Marekani unakula chakula cha asubuhi bure kila siku. Mutu mwenye kulala Hilton mara nyingi ku Nairobi ao Dubai kwa kazi, ile chai na mayai ya watu wawili kila asubuhi inapita 150 haraka. Daraja ya Silver yenye kuja na Boundless ndiyo hewa tupu, hakuna chakula, hakuna chumba kikubwa. Kipimo changu ni kimoja: nahesabu tu kitu chenye ningelipa na mfuko wangu hata bila karti. Usiku wa hoteli ya dola 250 wakati mimi kawaida nalala ya 90, kwangu ule usiku ni 90. Na 90 iko chini ya 95.

Himbi_Goma
Kwetu huku Goma maneno ya Visa ni karibu kichekesho, banki zilifungwa Januari 2025 mji ulipochukuliwa, kutoa mafranga ya karti ni kuvuka mpaka Gisenyi. Lakini nataka kuongeza kitu kwa ndugu wa Lubum. Mimi shirika njo inalipa hoteli nikienda formasion Kigali, na watu bengi ba mashirika banafikiri kama boss analipa basi pointi ni za boss. Hapana, toa namba yako ku resepsion, kawaida pointi ni za mwenye kulala. Kigali kuko Marriott na Four Points, zote zinaingia konti moja ya Bonvoy. Kuko kolega ana pointi za kulala Nairobi na familia yake na hajawahi kulipa fre ya karti.

Tu uliza shirika yako mbele, zingine zinakataza.

Resepsion_24h
Ninafanya kazi ku hoteli moja, jina haina maana. Mambo mawili ninayaona kila wiki.

Ya kwanza: mugeni anafika saa ine ya usiku, amechoka, viatu vyote vumbi ya njia, anatoa simu ananionyesha namba ya klabu. Naingiza, mashine inakataa. Juu ya nini? Alireserve ku saiti ya ajansi juu ilikuwa na dola 6 chini. Hiyo haihesabiwi, hakuna pointi, hakuna usiku, hata ile Gold yake haina nguvu. Kisha mimi njo nachapwa maneno.

Ya pili ni garanti. Ukifika tunabloka bei ya chumba na kitu juu yake. Karti ya kredi inabloka mukopo ya banki, lakini karti ya prepaye ya hapa kwetu inabloka mafranga yako mwenyewe, na ukitoka inaweza kukawia siku kadhaa mbele ya kurudi. Kama ile pesa njo ya kununua pyesi kesho asubuhi, uko umekwama. Yaya Katuba, kwako nasema garanti ulipe keshi, karti uache mu mfuko. Na ile Visa ya juu, uliza banki maswali haya na wakujibu kwa maandishi: fre ya mwaka, makato ya kulipa nje, makato ya kugeuza kwacha, na salon ni mara ngapi.

MamaKenya_Lubum
Salon itamusaidia nini mutu mwenye kupita na njia ya Kasumbalesa? Atakunywa kahawa ku barriere? 😂

Katuba_Transit
Hahaha mama umenimaliza. Basi Visa naiacha kama ilivyo, napanda ndege mara chache sana. Mudogo nitamuambia kama anafungua Boundless, afungue juu yake mwenyewe, fre alipe ye, mimi anitumie pointi za bonasi kama zinabakia. Bonvoy nimejiandikisha sasa hivi, imechukua dakika tu. Swali moja limebaki, Johannesburg kuko fasi nalala siku tano mfululizo, na Ndola kuko hoteli imenipa bei ya kampuni. Ile bei ya kampuni inaingiza pointi ao nayo wanaikataa?

Kivu_Texas
Ya siku tano weka pointi zako hapo. Marriott ukilipa na pointi, siku tano unalipa ine, hata bila karti. Lakini tangu 2022 walifuta jedwali la bei, pointi hoteli inaomba zinapanda na kushuka kila siku, kwa hiyo angalia tarehe mbili tatu mbele ya kufunga.

Resepsion_24h
Bei ya kampuni inaingiza kama ureserve moja kwa moja na hoteli. Ya ajansi ya safari, ao ya gurupu kama haulipi wewe mwenyewe, kawaida hapana. Toa namba yako wakati unaingia, kisha uangalie ku fakitire kama imeandikwa mbele haujalipa, juu ukishatoka ukaomba waongeze nyuma ni kuandika barua na kungojea.