Mnaosema Kodak walilala, someni hesabu za mkanda kwanza

Wakuu, nimechoka. Kila semina ya "mageuzi ya kidijitali" lazima itoke slaidi ya Kodak, kampuni ya Marekani iliyotajirika kwa mkanda wa kamera (filamu ya picha), na lazima mtu asimame aseme jamaa walilala, hawakuiona kamera ya dijitali ikija. Ni uongo, na ni uongo wa hasara, maana bosi akishaamini kwamba tatizo lilikuwa usingizi, dawa anayoijua ni kununua programu mpya na kuajiri vijana watano wa IT.

Kamera ya dijitali ilizaliwa humo humo Kodak, Rochester, Desemba 1975. Steve Sasson aliunganisha kihisi cha mwanga (CCD) chenye nukta 100 kwa 100, betri 16 na kinasa cha kaseti. Dude la kilo 3.6 hivi, picha moja sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Mwaka 1976 Bryce Bayer, wa Kodak huyo huyo, akapata hataza ya kichujio cha rangi ambacho mpaka leo kimo kwenye kamera za simu karibu zote. Mwaka 1981, Sony walipoonyesha Mavica, kamera yao isiyotumia mkanda, Vince Barabba wa utafiti wa soko aliwachunguzia wakubwa wake suala hilo na kuwaambia dijitali inaweza kuchukua nafasi ya mkanda, ila wana kama miaka 10 ya kujiandaa. Na 2005 walikuwa namba moja kwa mauzo ya kamera za dijitali Marekani. Hapo usingizi uko wapi?

Twende kwenye hesabu, ambako wenye semina hawafiki. Mkanda mmoja wa picha 36 mteja aliulipia mara tatu: kuununua, kuusafisha, kisha karatasi ya kila picha. Kusafisha mkanda wa rangi kwa C-41, utaratibu wa kawaida wa maabara, ni kuupitisha kwenye dawa mbalimbali: developa (ya kuitoa picha) ya nyuzi 37.8 kwa dakika 3 na sekunde 15, halafu blichi, fiksa, maji, stabilaiza. Dawa inachoka, kwa hiyo kila mkanda unapopita lazima iongezwe nyingine. Mkanda Kodak, dawa Kodak, karatasi Kodak. Picha ikitoka na macho yamefumba, Kodak ameshakula hela yake. Kwenye dijitali mteja analipa siku ya kununua kamera, basi. Picha 100 zikiharibika anafuta, na hakuna anayepata hata senti.

Halafu kiwanda. Hapa ndipo wengi hawaelewi kabisa. Mkanda wa rangi una tabaka zaidi ya 10 za jelatini na chembe za madini ya fedha, zinapakwa gizani kwenye utepe mpana unaokimbia, unakaushwa, ndipo unakatwa vipande vya milimita 35. Mtambo uliojengwa kwa mamilioni ya mikanda huwezi kuufanya uwe nusu mtambo. Kukausha ni kule kule, hewa isiyo na vumbi ni ile ile, mafundi ni wale wale. Mauzo yakishuka nusu, gharama hazishuki nusu. Kila mkanda unaouzwa unabeba na mzigo wa ule uliokosa mnunuzi. Kwa hiyo mkuu wa kitengo cha mkanda aliyepinga dijitali hakuwa mjinga hata kidogo! Alikuwa anapimwa kwa faida ya mkanda, na kwa kipimo hicho alikuwa sahihi.

Ndiyo maana kukazaliwa kitu kama Advantix Preview, kamera ya Kodak. Unapiga picha, unaiona kwenye kioo kama dijitali, unachagua unataka nakala ngapi, lakini picha yenyewe iko kwenye mkanda, na lazima uupeleke ukasafishwe. Kampuni zetu zinafanya hivyo hivyo leo: fomu unajaza kwenye simu, kisha unaambiwa uichapishe, usaini, uipeleke tawini na kopi ya kitambulisho. Hiyo ni Advantix tupu, na inaniuma kuona watu wazima wanaipigia makofi.

Fujifilm, wapinzani wao wa Japani, balaa liliwakuta lile lile. Shigetaka Komori, aliyeshika uongozi wa juu 2003, aliuliza kwanza kiwanda chake kinajua kutengeneza nini hasa. Utando wa triasetati ya selulosi (plastiki angavu) unaobeba mkanda ndio huo huo unaokinga polaraiza, tabaka la kuchuja mwanga kwenye vioo vya LCD vya televisheni, wakaujengea mitambo wakati televisheni bapa zinapanda. Ujuzi wa kolajeni na wa kuzuia picha isipauke ukaingia kwenye vipodozi vya Astalift, 2007. Maelfu ya watu walipoteza kazi pia, hilo tusilifiche. Kodak kemia walikuwa nayo! Eastman Chemical, tawi lao la kemikali, wakaiachia ijitegemee 1994, kitengo cha picha za hospitali wakakiuza 2007, OLED, teknolojia ya vioo vinavyojiangaza waliyoibuni wataalamu wao wenyewe, wakaiuza 2009. Januari 2012 wakaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai.

Sasa mkiwekewa slaidi hiyo tena, inueni mkono hapo hapo. Muulizeni: hiki kitu kipya kikifanikiwa, mapato ya kitengo gani yatakufa? Mkuu wa kitengo hicho analipwa bonasi kwa kipimo gani? Na je, ndiye anayeidhinisha bajeti ya hicho kipya? Akishindwa kujibu, tokeni mrudi kazini.